Kigingi cha Saba

Mpima ardhi Isidore Vahwere alikuwa amelala kifudifudi juu ya ramani ya Bunia, na damu yake ilikuwa imevuka mipaka yote ya uchaguzi bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Usiiguse ramani," alisema Inspekta Kavira Alliance.

"Sijaigusa, mama inspekta," alijibu msaidizi wake, Brigadia Paul. "Yeye ndiye anayeigusa."

Kavira alimtazama. Paul akafunga mdomo. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa, na katika mji huu walikuwa wameokota maiti wengi mno kuweza kumlilia kila mmoja. Paul alitania. Kavira alipiga magoti na kufanya kazi. Kila mtu na dawa yake.

Taya lilikuwa limekakamaa. Shingo pia, mikono, hata magoti. Jeraha lilikuwa moja tu, kisogoni, na damu yake ilikuwa imekauka hadi kuwa nyeusi. Kando ya meza ilikuwepo nyundo kubwa ya mti, ile ya kupigilia vigingi.

"Jana," alisema. "Kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni. Alipigwa akiwa ameinama. Hakuogopa kumpa mgongo aliyempiga."

"Na daftari lake la vipimo halipo. Nimetafuta hadi chini ya jiko."

Chumba hicho kiliwahi kuwa ghala la kahawa. Sasa kilikuwa ofisi ya Kamati ya Mipaka. Watu wanne walikuwa wamepewa kazi ya kuweka kanuni za haki za kuugawa mji katika maeneo ya kuchagua wabunge wa jimbo. Viti vya bunge lenyewe, kwa sasa, vilikuwa vinakaliwa na vumbi. Lakini kiti kikiwa kitupu ndipo watu hukigombania vizuri.

Kanuni zilikuwa zimebandikwa ukutani, kwa mwandiko safi wa mwalimu wa zamani. Mstari ufuate kijito au barabara, usikate uwanja wa mtu. Kila mtu ahesabiwe pale anapolala, awe mwenyeji au mkimbizi. Anayechora mstari asiwe na mtoto, mke wala ndugu katika uchaguzi huo.

Saa kumi jioni kamati ilikuwa ipige kura juu ya mstari wa mwisho. Sasa walikuwa wamebaki watatu.

Nje, mtu alipiga kelele. Kisha wengi.

"Wameshajua kwamba tumemkamata yule wa kambini," alisema Paul. Safari hii hakutania.

*

Yule wa kambini aliitwa Fabrice. Alikuwa na miaka thelathini na tano, mkulima kutoka Gety, aliyekimbia vita na kuangukia chini ya hema la plastiki pembeni ya Bunia. Isidore alimwajiri kushika utepe wa kupimia. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muuza maandazi alipita mlangoni na kumwona ameishika nyundo yenye damu, maiti mbele yake.

"Kwa nini uliishika?"

"Ilikuwa juu ya shingo yake, mama. Weye ungeacha nyundo juu ya shingo ya muzee?"

"Ulikuja kufanya nini mapema hivyo?"

"Yeye njo aliniita. Jana mchana aliniambia: kesho kuya na jembe, kigingi cha saba kimetembea."

"Kimetembea?"

"Mutu aliking'oa, akakipanda kwingine. Muzee alikiona kwa macho tu. Alitaka tuchimbe mashahidi, apate kuhakikisha."

"Mashahidi gani?"

Fabrice alifuta uso kwa kiganja. Kelele za nje zilikuwa zimeshafika kwenye geti la kituo.

"Chini ya kila kigingi muzee alizika makaa na kipande cha sahani. Makaa haiozi. Sahani ilikuwa moja, nyeupe, mudomo wake kijani. Aliivunja mbele yangu vipande kumi na mbili, vigingi kumi na mbili. Alisema mutu akiiba kigingi, hajue kama chini kuko shahidi. Na vile vipande vikikutana tena, vinashikana."

"Nani mwingine alijua?"

"Siye wawili tu."

"Alimshuku nani?"

"Hakutaja. Alisema kwanza ataongea naye, asimupatishe haya. Alisema ni murafiki."

Kavira alifunga jalada. Kupitia dirishani aliona vijana wa mjini upande mmoja wa barabara, pikipiki zao zikinguruma. Upande wa pili wakimbizi walikuwa wanakusanyika na miti ya mahema mikononi. Yeye alikuwa na polisi tisa, na bunduki sita zilizokubali kufanya kazi.

"Wakiingia hapa," alisema Fabrice polepole, "banamaliza mimi kwanza. Halafu bale ba kambi banakuja kulipiza. Halafu hakuna mutu atauliza tena kigingi."

Alikuwa amefupisha historia ya Ituri vizuri kuliko ripoti nyingi.

*

Kavira na Paul walipitia mlango wa nyuma wakiwa na jembe na mchoro alioufanya Fabrice kwenye kipande cha boksi. Kigingi cha saba, chekundu, kilisimama wima karibu na mikalitusi. Paul alichimba hadi kiunoni.

"Hakuna kitu. Mchwa tu, nao wanakataa kutoa maelezo."

Walihesabu hatua mia mbili kurudi kwenye kijito, pale mchoro ulipoonyesha. Udongo ulikuwa laini, umefunikwa majani kwa uangalifu. Jembe liligonga. Makaa. Na kipande cha sahani nyeupe, mdomo wa kijani.

Kavira alisimama hapo akatazama. Kigingi kikiwa hapa, mahema yote meupe ya kambi yalikuwa ndani ya eneo la mtaa wa juu. Kikiwa kule kwenye mikalitusi, kambi nzima iliangukia eneo la pili, upande wa barabara ya Marabo. Maelfu ya watu walikuwa wamehamishwa tena, safari hii bila hata kuamshwa.

"Wameuliwa majirani kwa hatua chache kuliko hizi," alisema Paul.

"Fukia mashimo yote mawili. Kila kitu kikae kama tulivyokikuta. Hiki kipande nakichukua."

"Tumwache mlinzi?"

"Tumwache nani? Wote wako getini."

Hilo lilikuwa kweli. Pia lilimfaa.

*

Saa tano aliwaita wanakamati watatu kwenye ofisi ya kamati. Rais wa kamati, Lionel Kamate, alikuwa mkurugenzi wa shule mstaafu. Nusu ya mji ilikuwa imepita chini ya fimbo yake na bado ilimwita Directeur. Jeannine, katibu, alikuwa analia bila kujificha. Stéphane, msemaji wa wafanyabiashara, alikuwa anatazama saa.

"Jana saa kumi na moja mlikuwa wapi?"

"Dukani," alisema Stéphane. "Uliza wateja, uliza mke wangu, uliza hata wanaonidai."

"Kanisani, mazoezi ya kwaya," alisema Jeannine.

"Nyumbani," alisema Kamate. "Nasoma. Peke yangu, mwanangu alikuwa kazini. Inspekta, yule kijana amekutwa na silaha. Tunangoja nini?"

"Tunangoja shahidi, Directeur. Fabrice anadai kwamba Isidore alizika makaa na kipande cha sahani chini ya kila kigingi. Anasema cha saba kimesogezwa. Saa nane nitakwenda kuchimba. Nikikuta makaa na sahani chini yake, kigingi hakijasogea, Fabrice ni mwongo, na faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka leo leo."

"Makaa na sahani," alisema Stéphane. "Huyu Isidore alikuwa anapima ardhi ao anafungua hoteli?"

Hakuna aliyecheka. Kamate alikuwa anatazama karatasi ya kanuni ukutani, kama anasahihisha mtihani.

*

Saa nane kamili Paul alichimba tena chini ya mikalitusi. Jembe liligonga mapema.

Makaa. Na kipande cha sahani. Nyeupe, yenye maua ya buluu.

Paul alikaa kwenye ukingo wa shimo akapangusa jasho. "Mama inspekta, hii sahani imeota tangu asubuhi?"

"Mvua ilikuwa nzuri," alisema Kavira.

Ndiyo mara pekee aliyotania siku hiyo.

*

Saa tisa na nusu, getini, mtu wa kwanza alirusha jiwe. Kioo cha gari la polisi kilipasuka. Ndani, Kavira alikuwa ameviweka vipande viwili juu ya meza na kuwaita wanakamati watatu waje kutia saini taarifa ya uchimbaji. Stéphane alivitazama kama bidhaa isiyouzika. Jeannine alisema hajui. Kamate alisema, "Kumbe alikuwa na sahani mbili."

Mlango ulifunguliwa. Aliingia mwanamke mwenye koti jeupe la muuguzi, vumbi hadi magotini. Fanny Kamate, binti wa Directeur. Alikuwa anatoa chanjo kambini tangu mahema ya kwanza yasimamishwe.

"Mama Inspekta, wamenituma mimi. Wanataka kumwona Fabrice kwa macho, tu waone ni muzima. Nimewaomba dakika kumi. Wa mjini sijui watanipa..." Alikuwa ameona meza. "Hii imetoka wapi?"

"Unaifahamu?"

"Ni sahani ya mama. Maua haya. Alizileta kutoka Butembo siku ya ndoa. Zilibaki nne kabatini." Aligeuka. "Papa, nani alivunja sahani ya mama?"

Mikono ya Lionel Kamate ilikuwa juu ya magoti. Chini ya kucha, mstari mweusi wa makaa.

Fanny aliuona. Jeannine aliacha kulia.

"Papa?"

"Nenda nyumbani, Fanny."

"Papa, nijibu."

Jiwe la pili liligonga bati. Kavira alimshika Fanny mkono. "Watu wako nje. Wazuie kidogo. Pande zote mbili, kama unaweza. Mimi nitamaliza hapa."

Fanny alimtazama baba yake mara moja tu. Kisha akatoka. Stéphane na Jeannine wakatolewa kwa mlango wa nyuma.

*

"Kipande cha kijani kilikuwa kijitoni," alisema Kavira. "Kule ulikopeleka kigingi, asubuhi palikuwa patupu. Mimi mwenyewe nilipachimba kabla ya kukuita."

"Najua sasa."

"Kwa nini?"

"Unajua niligombea mara ngapi?"

"Tatu."

"Tatu. Ya mwisho nilikosa kwa kura kumi na moja. Kumi na moja, inspekta! Nimewafundisha hao watu kuandika, wakaandika jina la mwingine. Mwezi uliopita chama kimoja kilikuja kumtaka Fanny agombee. Alisema atafikiri. Mimi nilikuwa nimeshafikiri."

"Kanuni ya tatu uliiandika wewe."

"Niliiandika kabla hawajaja."

"Ungejiuzulu."

"Nani angelinda mstari?"

Paul, mlangoni, alikohoa.

"Mtaa wa juu ungemchagua," alisema Kamate. "Ni mtoto wao. Lakini kambi ikiwa ndani? Watu wa Gety, watu wa huku na huku, hawamjui babu yake wala bibi yake. Wangemwangusha kama nilivyoangushwa. Jumapili mvua iliponyesha watu wote wakiwa ndani, nikakibeba kigingi. Mzigo mdogo tu."

"Na Isidore?"

Mzee alifumba macho.

"Jana saa kumi na moja aliniita ofisini. Akasema, Directeur, kigingi cha saba kimetembea. Mimi sisemi ni nani. Kesho asubuhi nakwenda kupima upya. Nikikikuta kimerudi kwake, sitakuwa na la kuandika. Akageuka, akainamia ramani. Hakutaka nione kama ananitazama." Sauti yake ilipasuka. "Angenitukana ningevumilia. Alinihurumia. Mimi. Nyundo ilikuwa pale mezani."

"Daftari?"

"Nililichoma nyumbani, jikoni."

"Na Fabrice? Ungeacha wamuue?"

Kalamu ya Paul, iliyokuwa inaandika maelezo, ilisimama.

Ndipo wakagundua kwamba nje pikipiki zilikuwa zimezimwa.

Kamate alifungua macho. "Nini kile?"

"Njoo uone," alisema Kavira.

Fanny alikuwa amepanda juu ya boneti ya gari lililovunjwa kioo. Wakimbizi walikuwa wameketi chini, mmoja mmoja, miti ya mahema ikiwa imelazwa vumbini. Mwanamke mmoja alikuwa amemwinulia Fanny mtoto wake juu, kama hati. Mama Fanny, walikuwa wanaita. Mama Fanny, sema.

"Wale ndio watu uliowatoa," alisema Kavira. "Aliwachanja watoto wao. Kipindupindu kilipoingia alilala kambini wiki tatu. Hizo ndizo zilikuwa kura zake, Directeur. Wewe umezibeba mwenyewe, mvuani, ukazipeleka upande wa pili."

Kamate alishika vyuma vya dirisha.

"Fabrice hakuua!" Sauti ya Fanny ilipanda, kavu. "Anatoka sasa hivi, muzima, na hakuna mutu atamugusa!"

"Basi nani?" alipaza sauti kijana wa mjini. "Taja jina! Usitudanganye!"

Kavira alitaka kwenda kumzuia. Hakuwa na haki ya kumwomba binti jambo hilo. Lakini Fanny alikuwa ameshageuka kuelekea upande wa mjini, mgongo wake kwa dirisha.

"Lionel Kamate," alisema. "Directeur. Baba yangu."

Hakuna jiwe lililorushwa. Kijana aliyeuliza alivua kofia, kama mwanafunzi aliyekutwa amechelewa.

Paul aliingia na pingu. Mikono ya mzee ilikuwa bado imeng'ang'ania vyuma vya dirisha, ikabidi Paul amwachishe kidole kimoja kimoja.