Masale ya Babu Julius

Leodegar wa Kilema hakuwa na mzaha shambani. Mibuni ya baba yake ilipokufa kwa ugonjwa, alipanda mizabibu kwenye kipande cha kihamba, lile shamba la ukoo, kinachotazama Moshi mjini, akaapa kutengeneza divai ya kweli, si maji ya rangi. Majirani walimcheka mpaka wakachoka. Yeye alichapa kazi, na mkewe Yuditha, aliyekuwa na mimba ya mapacha, alimletea kiburu cha ndizi na maharage shambani na kumgombeza ale kabla hakijapoa.

Tatizo lilikuwa nguzo. Kila aliyoisimamisha, mchwa waliitafuna. Isale, mmea wa majani marefu ambao kwao hupandwa mipakani na makaburini, halina shida hiyo. Ukilichomeka ardhini linashika na kuchipua. Na masale manyoofu kuliko yote pale kihambani yalizunguka kaburi la babu yake Julius, kule migombani. Asubuhi moja ya baridi, Leodegar aliyakata yote.

Mama yake, Mektrida, alimkuta ameyabeba begani.

"Leo, hayo ni ya kaburi."

"Mama, babu alibatizwa. Yuko mbinguni, majani ya nini tena?"

Mektrida alifanya ishara ya msalaba, akarudi kukamua ng'ombe. Sikio la kufa halisikii dawa.

Masale yalishika, mizabibu ikapanda. Vishada vilipotoka, Leodegar alipita na mkasi akivipunguza, maana mzabibu ukiuachia vyote unakupa zabibu chapwa. Unavitoa vingi ili vichache vishibe utamu. Ndiyo siri ya divai nzuri, na alijivunia kuijua.

Kesho yake alikuta vishada vingine vimeanguka, vimekatwa vizuri kabisa. Akawasingizia watoto wa jirani. Siku iliyofuata vikaanguka tena. Mwishowe kila mzabibu ulibaki na kishada kimoja. Siku hiyohiyo Yuditha alishikwa na tumbo, na hospitalini wakamwambia kwa upole kwamba moyo wa pacha mmoja umesimama. Amebaki mmoja.

Leodegar aliposikia hivyo, alivikumbuka vishada. Kumbe kuna mtu alikuwa akipunguza.

"Mpelekee babu yako isale," mama yake alinong'ona. "Isale halikataliwi."

Kwao ndivyo ilivyo. Mwenye kosa akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, hata kama amemuua ndugu yako, unasamehe. Leodegar alikata jani kwenye nguzo zilezile, hakuwa na masale mengine. Alilifunga fundo, akalilaza kaburini na kumimina maziwa. Alilia bila aibu.

"Babu, niachie huyu mmoja."

Asubuhi jani lilikuwa mlangoni kwake. Fundo lilikuwa limefunguliwa. Mektrida aliliona, akakaa chini. "Amelikataa," alisema.

Mchana ukungu ulishuka. Yuditha alikuwa amelala chumbani, mama mkwe pembeni yake. Leodegar alikuwa jikoni akichochea moto aliposikia mkasi.

Kacha.

Kimya. Kacha.

Alitoka nje. Hakuona mtu. Aliona kishada kikianguka kwenye mzabibu wa mbali, kisha cha mzabibu uliofuata. Sauti ilisogea kuelekea nyumbani taratibu, kama mzee asiye na haraka.

Alikimbia. Mzabibu wa mwisho ulikuwa chini ya dirisha la Yuditha. Alikifumbata kishada chake kwa viganja vyote viwili, akakibana kifuani.

"Babu, tafadhali."

Mkasi ulinyamaza. Alisubiri. Hakuna kilichotikisika. Akaanza kupumua.

Kishada kikawa kizito mikononi mwake, kikonyo kimekatwa kwa mshazari.

Ndani, Yuditha aliita jina lake mara moja tu.

Jioni ile, zahanatini, pacha wa pili alizaliwa hana uhai. Muuguzi Aikande alimfunika kwa khanga, kisha akamvuta Leodegar pembeni.

"Kaka, kitovu mmekata nyumbani?"

"Nyumbani? Si amezaliwa mbele yako, dada?"

"Ndiyo. Na mimi sijakata."

Akaifunua khanga kidogo. Kitovu kilikuwa kimekatwa kwa mshazari, safi, bila tone la damu.