Bahasha Ilisomwa, Kiwiko Hakikusomwa

"Huyu binti amebadilisha picha!"

Aliyesema hivyo ni Kaviha... daktari, na mchumba wangu. Alininyooshea kidole mbele ya daktari mkuu.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu tuoane!

Wasomaji wangu, nisikilizeni kwanza, kisha mnihukumu.

Ilikuwa mwaka wa 1961. Mimi ni Mwanatabu wa Bofu. Kazi yangu ilikuwa kusafisha picha za eksirei na kuzitunza, katika hospitali moja ya Likoni. Jina lake silitaji.

Mdogo wangu Waridi, miaka saba, aliteleza kisimani akaangukia mkono. Kiwiko kikavimba vibaya.

Mvunjiko wa hapo madaktari waliugawa madaraja matatu. La kwanza, ufa tu: plasta, nenda nyumbani. La pili, mfupa umepinda. La tatu, umeachana kabisa: upasuaji, na upesi!

Kaviha aliitupia picha jicho, akaandika juu ya bahasha: La kwanza.

Ilibidi daktari mkuu, Mzungu, athibitishe. Akaisoma bahasha... akainua picha kwenye taa...

"La kwanza." Akatia sahihi.

Ndiyo iliyokuwa desturi yetu. Bahasha kwanza, picha baadaye. Na madaktari wetu walisifiwa kwa kukubaliana!

Kesho yake vidole vya Waridi vilikuwa baridi.

"Dada, sivisikii."

Nikamwendea Kaviha.

"Plasta hubana, mpenzi. Madaktari wawili wamesema la kwanza. Wewe ni nani?"

"Mimi ni dadake."

Nikaitia picha ile katika bahasha isiyoandikwa kitu, nikaichanganya na nyingine tano, nikampelekea Kaviha.

"Na hii?"

"Alaa! Hii ni la tatu! Mgonjwa yuko wapi? Apasuliwe leo hii!"

"Yuko kwetu. Ni Waridi."

Akafunga mlango.

"Mwanatabu, sikiza. Wazungu wanaondoka. Nimetajwa mimi kushika nafasi ya daktari mkuu. Wakijua haya, watasema Mwafrika hawezi. Tungoje wiki moja tu."

"Na vidole vitangoja?"

Nikakimbia na picha kwa daktari mkuu. Kaviha akanifuata, na hapo ndipo aliponisingizia.

"Bwana Mkubwa, itazame mwenyewe," nilisema.

Akaigeuza bahasha kutafuta maandishi. Hakuna! Akaigeuza tena... Akakohoa. Ikambidi aitazame picha.

"La pili," alisema.

Nikamwekea mezani bahasha ya jana, yenye sahihi yake mwenyewe. La kwanza!

Picha moja, madaktari wawili, madaraja matatu!

Mmeona? Jana hawakukubaliana wale. Mmoja alikosea, mwenziwe akasoma mwandiko wake.

Waridi alipasuliwa jioni ile. Tulichelewa. Mkono ukabaki umepinda, na vidole viwili havikunjiki. Mtoto yule alikuwa akisuka ukili wa mikeka kuwashinda wakubwa. Siku hizi hushika miyaa kwa meno.

Mimi nikafukuzwa kazi. Eti nimewatega wakubwa.

Ukitaka rai ya mtu wa pili, mfiche jibu la wa kwanza. Hilo ndilo nililojifunza, na limenigharimu mkono wa mdogo wangu.

Kisha Kaviha akaja nyumbani na mamake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Omba radhi tu. Utarudishwa kazini, na harusi ipo pale pale."

Kaviha alitazama sakafu. Hakumwuliza Waridi hali, na Waridi alikuwa amekaa hapo hapo.

Nampenda. Wallahi, hata sasa ninapoandika nampenda, na ndiyo maana inauma hivi.

"Niombe radhi kwa lipi, mama?"

"Kwa kuwaaibisha."

Nilimjibu yeye, nanyi mnaotaka kunishauri nawajibu vile vile: siombi. Si kwa Kaviha, si kwa Mzungu wake. Siombi radhi!