Sentimita Sita

Jioni ile Kipimo alikuwa amepiga magoti uani kwenye karakana, futikamba mkononi, akipima kutoka chini hadi kwenye keria ya pikipiki ya pili. Wazazi wake hawakumwita Kipimo. Ni mafundi wenzake waliompachika jina hilo, kwa sababu mtu huyu hakuamini kitu mpaka akipime. Walimtania kwamba hata usingizi huupima kabla hajalala.

"Sitini," alisema.

"Sentimita sitini," binti yake akarudia, akaandika daftarini.

Mbele yao zilisimama pikipiki mbili za magurudumu manne, za ukubwa wa kati, zilizoletwa na muuzaji kwa majaribio. Majina ya kiwandani hakuna aliyehangaika nayo. Moja ilikuwa Nyekundu, nyingine, hii aliyokuwa akiipima, Kijani, basi. Mama mwenye kambi, bosi wao, alihitaji moja tu ya kupitishia wageni kwenye njia ya msituni, na kazi ya kuchagua akamwachia Kipimo. Itakayochaguliwa ilipaswa kufika kambi ya juu kabla ya giza, maana wageni wangeanzia huko asubuhi. Itakayokataliwa ingebaki karakana siku tatu, mpaka muuzaji aje kuichukua.

Na dereva wa hiyo itakayochaguliwa alikuwa huyu huyu binti, mwanawe wa pekee, aliyekuwa anaanza kazi aliyoiacha mama yake.

"Mimi roho yangu iko kwa Nyekundu," binti alisema. "Tazama umbo lake, baba."

"Kwani unaiposa?"

Binti akacheka. Kipimo hakucheka. Utani aliutoa kwa mazoea tu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba isiyo na cha kuibiwa.

"Haya, utakayosema wewe ndiyo hiyo," binti akasema. "Ukisema inafaa, mimi napanda nimefumba macho."

Nyekundu alikwisha kuijaribu mchana, huku gunia la mchanga la kilo sitini limefungwa nyuma badala ya abiria. Ilikuwa nyepesi, ilipanda mlima kwa pupa na kugeuka mahali padogo. Lakini kwenye mawe usukani ulivipiga viganja vyake, na nyuma ilirukaruka. Kwenye kona ya gogo, pale mti mzee ulipolala kukatiza njia, pua yake iliinuka juu, na Kipimo, mwenye miaka thelathini kazini, nusura abinuke nayo. Aliporudi aliandika kwa mkono wake mwenyewe: *Inaruka nyuma. Isipande gogo.* Akapiga mstari chini ya maneno hayo.

Aliandika bila moyo kumwenda mbio. Miezi saba sasa Kipimo alikuwa amekufa ganzi. Mkewe alipozikwa hakutoa chozi, na watu wakasema mwanamume amejikaza. Hakujikaza. Hapakuwa na kitu cha kukaza. Alikula akijua ni wakati wa kula, akalala akijua ni wakati wa kulala, na binti yake akimkumbatia aliona mikono ikimzunguka lakini hakuisikia.

Mkewe alifia pale pale kwenye gogo.

Madereva wa njia ile wana desturi yao ya kazi. Dereva akivaa kofia ya chuma hawezi kuona nyuma, kwa hiyo haondoi gari kabla ya kuuliza, "Umekaa?" Abiria naye hujibu, "Nimekaa." Wakifika, abiria hateremki mpaka dereva amwambie, "Shuka." Siku ile mkewe aliteremka kumwelekeza Kipimo magurudumu yapite wapi juu ya gogo. Kipimo akavuka. Mkewe akarudi, akaweka mguu kwenye kikanyagio apande. Kipimo alikuwa na haraka, hakuuliza, akakandamiza mafuta. Aliendelea mbele robo kilomita nzima akimsimulia habari za breki, kabla ya kugundua kwamba anaongea peke yake.

Maji yakimwagika hayazoleki.

Jua likaanza kuteremka nyuma ya miti. Kipimo alilifunga gunia kwenye Kijani, akapita kwa mlinzi kwenye geti la msitu, akainua mkono, akaingia.

Kijani ilikuwa kitu kingine kabisa. Nzito, ndiyo, na mlimani haikuwa na papara. Lakini usukani wake wenye pawa uligeuka kwa kidole, na kwenye mawe springi zilimeza kila kishindo kikaishia chini. Nyuma ilitulia tuli. Hii ndiyo, alijisemea. Hii mwanangu hatadondoka nayo. Hakufurahi, lakini alijua kwamba jibu amelipata.

Akafika kwenye gogo.

Magurudumu ya mbele yakapanda. Yakashuka. Ya nyuma yakapanda, yakashuka, taratibu. Akasimama upande wa pili, injini ikinguruma chini chini. Ukungu ulikuwa unainuka kwenye majani. Ndege walikuwa wamenyamaza wote.

Hata yeye mwenyewe baadaye hakujua kilichomfanya. Labda ni yale maneno aliyokosa kuyasema miezi saba iliyopita, yalikuwa bado mdomoni yanangoja. Nyuma yake lilikuwa gunia la mchanga. Alilijua, alilifunga mwenyewe. Lakini akauliza:

"Umekaa?"

Kimya...

Kisha Kijani ikazama nyuma. Polepole, kama pikipiki inavyozama mtu anapopanda.

"Nimekaa."

Ilikuwa sauti ndogo, karibu na shingo yake. Kipimo hakugeuka. Alijua kwamba mtu mwingine angepiga ukelele, angeruka, angekimbia. Alikaa akingoja mwili wake ufanye mojawapo. Mwili haukufanya. Akakandamiza mafuta, wakaondoka.

Njiani harufu ilimfuata. Si sabuni ya mkewe, wala petroli iliyokuwa haiishi kwenye nguo zake. Ilikuwa harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Getini mlinzi alikuwa na tochi, ingawa giza lilikuwa bado. Aliimulika pikipiki, akaushusha mwanga haraka.

"Kipimo. Uliyempakia mbona hana kofia?"

"Ni gunia."

"Gunia naliona," mlinzi akasema kwa sauti ya chini. "Nakuuliza huyo aliyelikalia."

Mlinzi akainua kizuizi cha geti huku akirudi nyuma, mgongo ukagusa ukuta wa kibanda.

"Umeuliza kitu huko ndani, sivyo? Ndugu yangu... msituni ukiuliza, anajibu aliye karibu. Si lazima awe yule uliyemkusudia. Mshushe. Mshushe kabla hujafika kwa watu."

Binti alikuwa akimngoja uani, ameshavaa koti la safari. Simu ilikuwa imeita mara mbili. Mama mwenye kambi anataka kujua ni ipi, giza linaingia.

"Haya, baba, nipe majibu. Ni ipi?"

"Ngoja nipime kwanza."

Ndivyo alivyofanya kila mara. Springi dhaifu ikirudi kutoka njiani hubaki imelala, na futikamba huiumbua. Akashuka, akalifungua gunia, akalitupa kando. Kijani ilisimama tupu. Kipimo akapiga magoti.

"Hamsini na nne."

Kalamu ya binti ikasimama. "Ilikuwa sitini."

"Najua."

"Basi springi zimechoka. Safari moja tu zimechoka? Tuirudishe hii."

Kipimo akaweka viganja juu ya keria, akaisukuma chini kwa nguvu, akaiachia. Ikapanda vizuri, yenye uhai, ikaja kutulia. Akapima tena. Hamsini na nne. Springi zilikuwa nzima, ila zilikuwa zimebeba.

Kwa Kijani, kila sentimita moja ilikuwa kilo kumi na tano. Alizipima mwenyewe asubuhi. Sentimita sita. Hesabu ikaja yenyewe kichwani, hata kabla hajaiita.

Binti naye alikuwa mtoto wa fundi. "Kilo tisini," akanong'ona. Akaitazama keria, pale pasipokuwa na kitu. "Baba... umekuja na nani?"

Akamweleza. Alimweleza moja kwa moja, bila kupamba, kama anavyosoma vipimo: nimeuliza, nimejibiwa, ikazama. Mlinzi ameona. Binti alisikiliza huku mkono umeziba mdomo.

"Unadhani ni mama," alisema mwishowe.

Kipimo akakunja futikamba.

"Mama alikuwa kilo hamsini na mbili, baba. Wewe ndiye uliyekuwa ukimrekebishia springi."

"Najua."

"Basi huyu siye!"

"Najua, mwanangu."

Simu ikaita tena, hakuna aliyeishika. Ikanyamaza.

"Ni neno moja tu," binti akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mwambie ashuke. Yeyote yule. Abiria akiambiwa ashuke hushuka, ndivyo ilivyo. Mimi nichukue Kijani niende, na wewe uende nyumbani ukalale. Mwambie, baba."

Ilikuwa kweli, neno moja tu. Kipimo aliinua mguu akapanda kwenye kiti, maana hivyo ndivyo dereva anavyolisema, akiwa amekaa, uso mbele. Akafungua mdomo.

Mikono miwili ikapita pande zote mbili za kiuno chake. Ikakutana tumboni. Ikakaza.

Ilikuwa baridi. Baridi ile ilipenya shati, ikapenya ngozi, ikamfika ndani kabisa, na Kipimo akaisikia. Miezi saba alikuwa kipande cha mti, leo akasikia kitu. Alitaka kulia kwa raha. Alijua si mikono ya mkewe; vidole vilikuwa virefu mno, na vilikuwa vingi. Lakini ilimshika kama mtu anavyomshika mtu wake.

"Baba?"

Siku tatu, akawaza. Muuzaji atakuja baada ya siku tatu.

"Chukua Nyekundu," akasema.

Binti hakusogea. "Uliandika inaruka nyuma. Ulipiga mstari."

"Nilikosea vipimo."

Neno hilo, mtu yule alikuwa hajawahi kulitamka tangu aanze kazi. Akanyoosha mkono, akachukua daftari na kalamu kutoka kwa mwanawe, akafuta alichokiandika, akaandika juu yake: *Inafaa.* Mwandiko haukutetemeka.

Binti alitafuta kitu usoni mwa baba yake. Alikuwa ameshatoa ahadi yake, na giza lilikuwa linaingia, na bosi alikuwa anapiga simu.

"Wewe ndiye unayejua," akasema. "Lakini toka hapo. Niahidi utatoka hapo, uende kwa mlinzi."

"Natoka. Tangulia."

Akavaa kofia. Kamba ya kidevuni ilimshinda. Siku nyingine Kipimo angeshuka amfungie. Alimtazama akihangaika nayo mpaka ikakubali. Nyekundu ikawaka, ikatoka uani kwa pupa yake ile ile, taa ya nyuma ikipaa na kushuka kwenye kila shimo.

Kipimo alibaki juu ya Kijani, uso mbele.

Aliusikia mlio ukifika getini, ukapungua, ukapita. Aliusikia ukiingia msituni, ukipanda, ukishuka bondeni, ukipanda tena. Sikio lake la fundi lilimfuata mwanawe jiwe kwa jiwe. Sasa yuko kwenye mawe makubwa. Sasa yuko kwenye kijito. Sasa anapunguza, anakaribia gogo. Injini ikakazana, ikapiga kelele ya juu, kelele ya magurudumu yasiyogusa kitu.

Ikakatika.

Akasikiliza. Mti gani sijui ulilia kwa mbali, kisha hata huo ukaacha. Mlinzi alikuwa anapiga mayowe getini, akiita jina la kazi la Kipimo, akiita tena na tena, na tochi yake ilikuwa inakimbia kuelekea msituni.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Kipimo aliutafuta. Aliupekua moyo wake wote kwa uaminifu, kona kwa kona, akingoja hofu ije imnyanyue pale alipokaa. Alijua kwamba anapaswa kukimbia. Miguu yake ilikuwa mizima, na njia aliijua.

Haikuja. Kila alichoweza kusikia mwilini mwake kilikuwa kiunoni, pale palipokuwa na ile mikono.

Akaegemea nyuma, na palikuwa na kifua cha kuegemea.