Waranti ya Ziada: Tununue au Tuache?

Wateja walimwita Mama Chapa, kwa sababu vidole vyake havikujua kupumzika. Tangu asubuhi alikaa sebuleni, mlango wazi, akichapa kazi za watu: barua za kuomba kazi, ripoti za vikundi, tasnifu za wanafunzi. Mumewe alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa uani. Basi mchana kutwa nyumbani mle mlisikika msumeno nyuma na vidole mbele.

Siku moja kitindamimba wao, msichana wa miaka mitatu, alipanda kiti kutafuta biskuti. Kikombe cha chai kikapinduka juu ya kompyuta mpakato ya mama yake. Kioo kikazima papo hapo.

Fundi aliifungua, akainusa, akatikisa kichwa.

"Hii imekunywa ikashiba, mama. Tafuta nyingine."

Tasnifu ya mwanafunzi mmoja ilipotelea humo humo, sura tatu nzima. Mama Chapa aliazima kompyuta ya jirani, akazichapa upya bila malipo. Hakulala vizuri wiki ile. Jina la biashara ni kama yai, likianguka haliokoteki.

Walijinyima, wakauza kabati moja, wakaenda dukani. Muuzaji alikuwa dada mchangamfu mwenye maneno matamu. Aliwaonyesha kompyuta nzuri, wakaridhika nayo. Kabla hawajalipa, akatoa karatasi nyingine.

"Mna waranti ya mwaka mmoja, ile ya kawaida. Lakini mkiongeza kidogo, nawapa waranti ya ziada, miaka miwili. Ikiharibika, tunatengeneza bure."

Hiyo "kidogo" ilikaribia robo ya bei ya kompyuta.

"Tuandikie," seremala alisema mara moja. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sitaki tena habari za chai."

"Ofa hii ni ya leo tu, baba," muuzaji akaongeza.

Neno "leo tu" lilimkaa Mama Chapa vibaya. Mtu akikuharakisha kula, huenda hataki uonje.

"Dada yangu, tunalipia kompyuta. Hii karatasi naomba niende nayo nyumbani, niisome," alisema.

Njia nzima mumewe alinuna.

Jioni ile Mama Chapa alimwita wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Huyu alifanya kazi katika ofisi ya kupokea malalamiko ya wanunuzi. Kila siku alisikia watu waliouziwa mbuzi kwenye gunia.

"Hodi! Bi harusi wetu yupo?"

"Karibu wifi. Bi harusi gani mwenye watoto wanne?"

"Kwetu sisi utabaki bi harusi mpaka meno yang'oke," wifi alisema, akavuta kiti. "Haya, nionyesheni huo mkataba."

"Dada, mwambie huyu asikie," seremala alianza. "Tahadhari kabla ya hatari. Au nimekosea?"

"Hujakosea, ndugu yangu. Ila nijibu. Kompyuta ya kwanza ilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Kwa chai."

"Wifi, soma hapa kwa sauti," alimwambia Mama Chapa, akimpa karatasi.

Mama Chapa akasoma polepole: "Waranti hii haihusu kuanguka, kuvunjika, wala kumwagikiwa na maji au kimiminika chochote."

Seremala akakuna kichwa. "Na chai je?"

"Chai ni kimiminika, hata ukiitia sukari."

Mama Chapa alicheka mpaka akashika mbavu. Mumewe naye, ingawa hakutaka, akatabasamu.

"Sasa soma na hapa," wifi aliendelea. "Hiyo miaka miwili inaanza lini?"

"Kuanzia siku ya kununua kompyuta."

"Umeona? Mwaka wa kwanza mnayo tayari waranti ya kawaida. Imo ndani ya bei mliyolipa. Kasoro ya kiwandani ikitokea mwaka huo, mnatengenezewa bure. Kwa hiyo wanawauzia miaka miwili, lakini mnachopata kipya ni mwaka mmoja tu."

"Basi hizi waranti za ziada ni wizi mtupu!" seremala alisema.

"Sikusema hivyo. Yupo mwenzangu ofisini anayesafiri kila siku na kompyuta mgongoni. Yeye alinunua inayohusu kuanguka. Ikaanguka kweli, kioo kikapasuka, wakambadilishia. Alijua hatari yake ni ipi, akasoma kama imeandikwa, akalinganisha bei na gharama ya fundi. Ninyi hatari yenu iko wapi?"

Mama Chapa aliitazama meza yake. Ilikuwa fupi, karibu na mlango wa jikoni. Vikombe vilikuwa hapo hapo, na mtoto alikuwa chini yake akichezea waya.

"Hatari yetu iko hapa mezani," alisema.

"Na ile ofa ya leo tu?" mumewe aliuliza.

Wifi akagonga mstari wa mwisho kwa kidole. Iliandikwa kwamba mteja anaweza kununua waranti ile wakati wowote ndani ya mwezi mmoja.

Hawakuinunua. Seremala alipima, akakata mbao, akamtengenezea mkewe meza ndefu yenye ukingo, mbali na jikoni. Chai ikahamia kwenye rafu yake ukutani. Kila jioni Mama Chapa alinakili kazi zote kwenye flashi na kuiweka kabatini. Stakabadhi ya duka aliipiga picha, akaihifadhi pamoja na kadi ya waranti ya kawaida. Kila mwezi walitenga fedha kidogo za matengenezo.

Mwezi wa tisa tangu wainunue, asubuhi moja, kioo cha kompyuta kikaanza kutoa mistari. Mchana kikawa cheusi kabisa.

"Si nilisema mimi!" Seremala alirusha randa juu ya mbao. "Tungelipia ile waranti!"

Ripoti ya chama cha wauza mboga ilitakiwa kesho yake. Lakini Mama Chapa alijikaza.

"Mume wangu, mwaka haujaisha. Vaa viatu twende."

Kwenye kituo cha matengenezo, fundi aliikagua kompyuta kila upande. Haikuwa na ufa wala dalili ya maji. Akatazama stakabadhi na kadi.

"Hii ni kasoro ya kiwandani. Tutaweka kioo kipya. Njooni wiki ijayo."

Seremala alikuwa ameshatia mkono mfukoni. "Tunalipa ngapi?"

"Hamlipi kitu, mzee. Mko ndani ya waranti yenu ya kawaida."

Mkono ukatoka mfukoni mtupu. Walipotoka nje, seremala alipunguza mwendo.

"Kumbe ningelipia kitu ambacho tayari ni changu," alisema.

"Ulikuwa unatutakia mema."

"Nilikuwa na hofu, mke wangu. Na hofu haisomi."

Jioni ile Mama Chapa alichukua flashi, akaenda kwa jirani kuazima kompyuta. Ripoti yote ilikuwamo. Akamalizia kurasa mbili zilizobaki. Asubuhi, mwenyekiti wa wauza mboga alipopiga hodi, karatasi zilikuwa mezani, zimebanwa vizuri, zinamsubiri.