Sambusa za Baba

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimsaidia baba yake kufunga sambusa za kuuza. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Siku za karibuni, hata hivyo, jikoni kulikuwa kimya. Mikono ya baba ilitetemeka, manda nyembamba za unga zikachanika na nyama ikamwagika mezani. Daktari alikwisha sema wazi kwamba ugonjwa ule hauponi.

Siku hiyo mwalimu wa Kiswahili aliwataka wanafunzi waeleze maana na asili ya neno moja linalotumika nyumbani. Chiriku akasimama upesi.

"Sambusa ni manda iliyokunjwa pembe tatu, ikatiwa nyama au mboga, ikakaangwa. Neno hilo alilitunga babu yangu mzaa baba!"

Mwalimu alifungua kamusi. "Hapa wanasema limetoka Kiajemi, likapitia kwa Waarabu, ndipo likafika kwetu."

"Basi kamusi imekosea!" Chiriku alijibu. Darasa zima likaangua kicheko.

"Kamuulize baba yako," alisema mwalimu. "Kesho utatuambia."

Jioni Chiriku alimkuta baba amekaa, mikono ameibana magotini.

"Baba, mwalimu akikuuliza, mwambie babu ndiye aliyelitunga neno sambusa."

"Kwa nini nimdanganye mwalimu wako?"

Chiriku akaanza kulia. "Ukiacha kufunga sambusa, tutabaki na nini chako? Angalau neno lingekuwa letu."

 Baba hakumwambia kwamba atapona, maana hilo nalo lingekuwa uongo.

"Babu yako alifundishwa sambusa na mpishi mmoja, naye alifundishwa na mwingine," alisema. "Hakuna aliyesema ni yake peke yake, ndiyo maana ikatufikia. Cha watu hakiwi chako kwa kudanganya, mwanangu. Ukitaka changu kibaki, jifunze kazi, na useme kweli."

Kesho yake Chiriku alisimama tena mbele ya wenzake. "Nilisema uongo. Kamusi haikukosea. Baba yangu anaumwa, nami niliogopa." Safari hii hakuna aliyecheka.

Asubuhi iliyofuata alifunga sambusa peke yake. Baba alitazama tu, mikono yake imetulizwa chini ya kitambaa.

"Pembe hiyo imeachia," alisema. "Rudia."

Chiriku akarudia.