Pedalie Moja, Nyumba Mbili

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na minne. Nilimaliza sekondari Goma, na tangu nilipotoka huko sijakaa mji mmoja nikauita wangu. Nimekaa Kisoro, nimekaa Mbarara, nimekaa Bujumbura. Sasa niko Kigoma, nauza vipuri vya baiskeli. Kila ninapopanga chumba sifungui begi lote. Yaliyonifanya niwe hivi nawaandikia leo, na naomba msinicheke...

Nilikuwa mwendeshaji wa baiskeli za mashindano. Mchana nilikuwa karani wa ghala la maharagwe kule Murara, lakini alfajiri nilikuwa barabarani, nikipanda kuelekea Kibumba huku volkano ya Nyiragongo ikitoa moshi upande wa kushoto. Mwenzangu wa mazoezi alikuwa Paluku, mtu wa Butembo, mrefu, mcheshi, mfanyabiashara wa vitenge. Ndiye aliyesimamia ndoa yangu na Odette kanisani. Nilimwamini kuliko ndugu wa tumbo moja!

Siku moja mzungu mmoja aliyekuwa anamaliza kazi yake Goma aliamua kuuza vifaa vyake. Alikuwa na pedalie mbili. Kwa asiyejua, pedalie ni ile mikono miwili inayoshika kanyagio, pamoja na magurudumu yenye meno yanayovuta mnyororo. Moja ilikuwa ya alumini, nzuri, ya kawaida. Ile ningeweza kuinunua peke yangu.

Ya pili ilikuwa ya kaboni, nyeusi, inang'aa kama jiwe lililotoka mtoni. Ukiibeba mkononi huamini, nyepesi kama mkate! Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshikana na ekseli moja kwa moja. Ule wa kushoto ulichomekwa mwisho na kukazwa kwa skrubu mbili. Hiyo hakuna kati yetu aliyeiweza peke yake.

Ningechukua ya alumini nikaenda zangu... Lakini moyo wa mwanadamu! Tulichanga, mimi na Paluku, tukanunua ya kaboni. Tukakubaliana kila mmoja ataipanda kwa zamu kwenye mashindano. Na ili asitokee mmoja wa kuiuza au kuificha, muzee wa klabu yetu alitoa shauri, nasi tukaliona la hekima: kila mtu akalale na nusu yake. Mimi nikachukua mkono wa kulia wenye meno. Paluku akachukua wa kushoto. Pedalie yangu ya zamani nikampa fundi wa Birere, maana haikuingia tena kwenye baiskeli.

Odette alipoona nimeweka nusu pedalie juu ya kabati, alipiga makofi akacheka. Alisema, “Wanaume wawili mumeoa mwanamuke mumoja! Siku moja ataomba talaka kwenu wote.” Nilimwambia hajui michezo. Kwa miezi kadhaa mpango ulienda vizuri. Nilishinda mara mbili kwa pedalie ile. Nani angenikosoa?

Ndipo mama mkwe akaugua, na Odette akapanda kwenda kwao Kalengera kumuuguza. Hakuwa amekaa sana, waasi wakaanza kusogea upande wa Rutshuru. Kila siku tulisikia habari zao. Mama mkwe akafariki dunia, akazikwa haraka haraka, na watu wa kijiji wakaanza kufunga mizigo.

Jioni moja Odette alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa chini sana. Alisema malori yanajaza watu, lakini anaogopa vizuizi vya njiani, kwa sababu mwanamke aliye peke yake anateremshwa. Pikipiki zilikuwa zinanyang'anywa. Lakini baiskeli, nani ataihangaikia? Nami nilizijua njia zote za mashambani ambazo tungepita kwa miguu mimi na yeye hadi mjini.

Nikamwambia, kwa Kiswahili chetu cha Goma ambamo baiskeli ni kinga na lori ni camion, maneno ambayo hadi leo yananiamsha usingizini: “Usitoke. Usipande camion ya mutu. Asubuhi nakuja na kinga, mbele ya saa ine niko pale.”

Akanijibu, “Basi nakungoja. Kinga yako haijawahi kuchelewa.”

Baada ya hapo mtandao ulikatika.

Kulipopambazuka tu nilikuwa mlangoni kwa Paluku. Nyumba ilikuwa imefungwa vitasa, mama yake peke yake alikuwa kwenye baraza, akiwa amekalia mfuko wa nguo. Aliniambia Paluku amevuka na mke na watoto kwenda Gisenyi tangu juzi, naye anangoja kufuatwa. Kisha akaingiza mkono katika mfuko, akanitolea kitu kilichofungwa kwa kitambaa.

“Alisema ukifika nikupe. Mungu akulinde, mutoto wangu.”

Nilimbusu mikono mama yule! Nilikimbia hadi nyumbani, nikafungua kitambaa juu ya kitanda... Wasomaji, ulikuwa mkono wa chuma wa baiskeli ya mizigo! Mzito, umeota kutu, tundu lake la mraba. Ekseli yangu ni ya mviringo yenye meno madogo. Nilijaribu kuuingiza, nikagonga kwa nyundo, nikalia, nikagonga tena. Wapi!

Je, ningeazima baiskeli? Wenzetu wote wa klabu walikuwa wamekimbia na za kwao. Saa zilikuwa zinakwenda. Basi nilichomeka nusu yangu, nikaizungushia mwisho wa ekseli vipande vya mpira wa ndani ya tairi, nikafunga kwa nguvu ili isichomoke, nikatoka nikikanyaga kwa mguu mmoja.

Mguu mmoja, hadi Kalengera!

Nilikuwa napanda peke yangu, na dunia nzima inateremka. Akina mama wenye magodoro kichwani, mbuzi, wazee juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Kijana mmoja aliniita, “Papa, umepotea? Vita iko kule unaenda!” Mwingine akasema nimesahau mguu nyumbani, watu wakacheka, hata katika taabu ile. Kila baada ya muda mpira ulilegea, ekseli ikasogea nje, mnyororo ukaanguka. Nilishuka, nikafunga, nikapanda tena. Mlima wa Kibumba niliupanda nikisukuma, paja la kulia likikakamaa kama ubao. Jua lilikuwa limeshapanda. Saa nne ilipita nikiwa bado sijafika hata Rugari!

Huko mbele ni mteremko, nikajiachia bila breki. Nilipofika Rumangabo, milio ilikuwa imeanza mbele yetu. Askari waliziba njia kwa magogo. Niliwasihi, nikapiga magoti, nikawaambia mke wangu yuko hapo tu mbele. Mmoja wao aliisukuma baiskeli mtaroni akanielekeza nirudi.

Pale kwenye magogo alikuwepo mama mmoja aliyetoka Kalengera kwa kupita shambani, miguu imejaa damu. Nilimuuliza kuhusu Odette. Akasema amemwona amekaa kando ya barabara na valizi yake ya nguo. Lori la mwisho lilisimama kwa ajili yake, watu wakamwita apande. Yeye akawajibu kwamba bwana yake yuko njiani...

Nilipiga kelele kama mtu aliyechomwa.

Goma nayo ilipoanguka nilivuka, nikaanza kumtafuta. Kambi hadi kambi, orodha hadi orodha. Nikiwa njiani nilimpata Paluku kwenye simu. Alisema kwa sauti ya mtu asiyelala: kule ng'ambo mwendeshaji mmoja mwenye pedalie kama yetu alikuwa amevunja mkono wa kushoto wa pedalie hiyo. Paluku alimpa wetu, na mtu yule akampa chumba cha kulaza familia. “Ndugu yangu, nina watoto wane. Ningekuambia, ungekubali?” Nilikata simu. Labda ningekubali. Lakini kwa nini alinipa chuma kile nipoteze asubuhi yangu?

Odette nilimpata mwaka wa pili, katika kambi moja ya Uganda. Alikuwa mbele ya hema akichambua maharagwe, mtoto mchanga mgongoni. Mtoto hakuwa wangu. Aliniletea kigoda, akanipa maji, kama mgeni. Nilimweleza yote, pedalie, kitambaa, mguu mmoja. Alisikiliza hadi mwisho.

“Nilikungoja mpaka waliponivuta kwa mikono,” akasema. “Risasi zilikuwa zinapita, na mimi bado natazama barabara. Baba ya huyu mutoto ndiye alinivusha. Siwezi kumwacha. Kunywa maji, Papa, safari yako ni ndefu.”

Tangu lini mke wangu aliniita Papa? Siku zote aliniita kwa jina langu...

Wasomaji wenzangu, nawasihi! Kitu kinachokubeba kwenda kwa uwapendao usikubali kilale nusu kwa mtu mwingine, hata kama mtu huyo amesimama nawe mbele ya altare. Nunua cha kawaida kinachotosha mfuko wako, kiwe chako chote. Na usimwambie mtu akungoje kama hujaona kwa macho yako kwamba unaweza kufika. Mwambie apande lori. Mtakutana mbele ya safari, mkiwa hai, na mkiwa bado kila mmoja ni wa mwenzake.