Kiti cha Tatu Mezani

Jua lilikuwa linatua nyuma ya vilima vya bandari ya Keelung, na meli ndiyo kwanza inang'oa nanga, mume wangu aliponituma nitangulie kwenye ukumbi wa chakula.

"Ruo-lan, wahi meza ya dirishani," Tsung-han aliniambia, akihangaika na tai yake mbele ya kioo. "Hawa watu wa Taipei wana mbio. Ukichelewa utawakuta wameshajazana."

Nikaenda. Ukumbi ulikuwa na mazulia mazito na taa za vioo, na harufu ya siagi na kamba wa kuchoma ilinifanya nimeze mate. Mhudumu, Mfilipino mmoja mwenye mvi aliyeitwa Rodel, akanipeleka hadi dirishani. Meza ilikuwa imeandaliwa watu watatu.

"Tuko wawili, kaka," nikamwambia.

"Bibi yenu amesema watatu, dada. Yule mwenye viatu vya kitambaa, vya maua."

Nikachungulia chini ya meza.

Viatu vile nilimvisha mimi mwenyewe. Ndivyo alivyozikwa navyo mama mkwe wangu.

"Yuko wapi?" nikanong'ona.

Rodel akakitazama kiti. Kilikuwa kitupu. "Alikuwa hapa... sasa hivi tu."

Chini ya harufu ya siagi nikasikia nyingine. Ubani. Ule wa bei rahisi tuliokuwa tukimfukizia nyumbani.

Niseme ukweli, maana mwenye hatia ni mimi. Kwetu mtu akifa, siku mia nzima anapakuliwa wali asubuhi na jioni mbele ya picha yake, na anaitwa, "Mama, njoo ule." Ukitaka kuacha mapema, unamwomba ruhusa. Unarusha chini vibao viwili vya mbao. Kimoja kikianguka chali na kingine kifudifudi, amekubali.

Siku za Mama hazikuwa zimefika hata nusu, na safari hii ya matembezi ilikuwa imewadia. Nilikuwa nimechoka. Nilipika uji wa mgonjwa, kisha nikapika wali wa marehemu, na sasa nilitaka nipikiwe mimi. Nikarusha vibao. Akakataa. Nikarusha tena. Akakataa. Mara ya tatu, vilevile. Tsung-han alikuwa uani akichoma pesa za karatasi, zile anazotumiwa marehemu. Nikakigeuza kibao kimoja kwa kidole cha mguu.

"Njoo uone," nikamwita. "Mama ametupa ruhusa."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye meza ile.

Tsung-han alikuja, akaketi, akatabasamu. Supu ikaletwa. Akanywa kijiko kimoja, akakunja uso.

"Supu gani hii? Kama maji ya kuoshea vyombo."

Nikaionja yangu. Ilikuwa tamu ajabu. Nikaonja ya kwake. Ilikuwa ya moto, rangi yake nzuri, nyama zimo, lakini haikuwa na ladha yoyote. Hata chumvi.

Kila mtu kwetu anajua maana yake. Chakula alichokwisha kula mfu kinabaki vilevile kwa macho. Kinachoondoka ni ladha.

Nikamaliza sahani yangu, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Samaki, bata, keki, kila kilichowekwa mbele ya Tsung-han kiligeuka pamba mdomoni. Akilazimisha, anatapika. Daktari wa meli akasema ni bahari tu, akampa vidonge. Mimi kila tonge lilikuwa tamu kuliko lililotangulia, na kila nikimeza nilijichukia zaidi. Nilijua anachoumwa. Nilijua pia kwamba nikifungua mdomo nitampoteza, maana alikuwa mtoto pekee wa Mama, na alimpenda mno.

Jioni ya mwisho hakuweza kushika vijiti vya kulia. Macho yalikuwa yameingia ndani. Rodel alikuja kukusanya vyombo vya kiti cha tatu, ambavyo hatukuvigusa. Akakiinua kitambaa cha kufutia mdomo, akakirudisha haraka.

Kilikuwa kimelowa. Kana kwamba mtu alijifutia mdomo.

Krrr...

Kiti kilisogea.

Chini ya meza, kitu baridi kikagusa kifundo cha mguu wangu. Kitambaa. Nyuzi za maua yaliyodariziwa.

"Tsung-han," nikanong'ona. "Vibao vile... nilikigeuza kimoja. Mama alikataa. Mara zote tatu."

Nikasubiri matusi. Nikasubiri kofi, ingawa hajawahi kunipiga.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona ukiwa wapi?"

"Mlangoni. Nilikuona na mguu wako." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nikarudi uani polepole. Hata mimi nilitaka kuja, Ruo-lan."

Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana dirishani. Kisha akamwita Rodel, akaomba bakuli la wali mweupe. Akaliweka mbele ya kiti kitupu, akainamisha kichwa.

"Mama, njoo ule."

Wageni wa meza za jirani waligeuka. Hatukujali. Tukasikia pumzi. Tukasikia koo likimeza, taratibu, kama mzee asiye na meno. Tulikaa hadi sauti ile ikakoma. Tsung-han akachukua kijiko chake cha supu kwa woga, akaonja.

"Chumvi imezidi," akasema, akalia kwa sauti.

Asubuhi tulishuka Keelung katikati ya msukumano wa watu na mabegi. Jioni, nyumbani, nikapika wali, nikauweka mbele ya picha, tukamwita wote wawili. Tuliapa kuzianza upya siku zake mia. Baadaye nikaupakua ule wali tuule sisi, kama ilivyo desturi.

Tsung-han akatafuna tonge la kwanza. Akaacha kutafuna.

"Ni mtamu," akasema.

Nikaonja. Ulikuwa mtamu kabisa, ladha yote imo. Hakuna aliyeugusa.

Akaweka bakuli chini. Alijua, na mimi nikajua. Mfu hufuata njaa yake hadi ilipo, lakini njia ya kurudi haijui. Kila daraja, kila mlango, kila chombo anachopanda, watu wake ndio wa kumwambia: Mama, tunavuka. Mama, shuka, tumefika. Asipoambiwa, anabaki pale pale anasubiri.

"Pale bandarini," akauliza taratibu, "ulimwambia tunashuka?"

"Nilidhani umemwambia wewe."

Meli ilikuwa imeshaondoka tena na wageni wapya, na ilikuwa ndiyo saa ya chakula cha jioni.